Pete ya Sajini

Mwanangu Dorkasi,

Ukirudi kutoka Kinampanda utanikuta nimenuna, na utasema mama ana wasiwasi wa safari. Si safari. Basi litapita hapa Misigiri alfajiri, litakuchukua, na litakufikisha Rukwa kwenye hiyo kambi ya barabara. Hayo nimemwachia Mungu na dereva. Kinachonikosesha raha ni pete. Asubuhi tulipokuwa tunakunja nguo zako uliniuliza kwa kicheko, "Mama, ile pete ya Sajini bado ipo? Niivae, wajue nina mwenyewe." Nami bila kufikiri nikafungua kopo la vifungo, nikaitoa, nikaisugua kwa majivu na kukuvika. Ikakutosha. Ukacheka, nikacheka. Ukatoka kwenda kumuaga bibi yako huku umeivaa, na tangu hapo sijatulia.

Nimejaribu kufanya kazi. Nimewasha mashine nikamue alizeti ya Mzee Shabani, nikasahau kutega ndoo, mafuta yakamwagika sakafuni. Mzee wa watu akabaki ananitazama.

"Mama Dorkasi, leo kulikoni?"

"Binti yangu anaondoka kesho, mzee wangu."

"Oo, hongera. Anaolewa wapi?"

"Haolewi. Anakwenda kujenga madaraja."

Akatafakari, akachota mafuta sakafuni kwa kidole akayaonja, kisha akauliza, "Peke yake?" Nikamjazia ndoo yake kwa mafuta yangu mwenyewe ili aondoke haraka. Nimefunga mlango wa mashine, nimekaa na hii karatasi. Nakuandikia kwa sababu najijua. Tukikaa uso kwa uso nitakuchekesha, nitakupakulia ugali mwingine, na neno lenyewe litabaki kooni.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Umekaa Dar miaka minne unasoma uhandisi, kama hayo hukujifunza basi tena. Nataka nikumalizie hadithi ya Sajini. Tangu utoto wako nimekuwa nikikusimulia nusu yake, ile nusu ya kuchekesha, na wewe ukawasimulia wenzako bwenini wakavunjika mbavu. Nusu ya pili sijamwambia mtu.

Mwanzo unaujua. Nilitoka chuo cha ufundi na cheti changu cha fundi sanifu wa maji, nikapangiwa huku kwetu Iramba kwenye kazi ya visima. Siku ya kwanza nimepanda nyuma ya gari la idara na wanaume, mabomba yamelala miguuni petu. Kabla hatujafika porini dereva akapaza sauti dirishani, "Dada, umeolewa?" Wote wakageuka kusikiliza. Niliona jinsi walivyogeuka, Dorkasi. Nikasema ndiyo. "Anafanya kazi gani huyo mwenye bahati?" Lilikuwa limetupita lori la jeshi muda si mrefu, nikasema mwanajeshi. "Cheo?" Nikasema sajini, kwa sababu sikujua cheo kingine. Kuanzia pale nikawa shemeji, na mkono wa mtu haukunigusa mpaka tuliposhuka. Mwisho wa mwezi nilinunua pete kwa mchuuzi wa stendi ya Singida, nikamwambia aniuzie inayong'aa kidogo tu, ya mume wa mshahara wa kawaida.

Nisikudanganye leo, pete ile ilinisaidia. Tulilala kijiji kimoja upande wa Mkalama, mimi nimepewa chumba cha stoo ya shule, mlango hauna kitasa. Mkuu wa msafara wetu, mtu mwenye wake wawili na sauti nzuri ya kuimba kanisani, akaja kuusukuma. Nimeegemeza mgongo mlangoni, miguu nimeikaza kwenye gunia la saruji, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bosi, Sajini anakuja kesho kunitazama, nitamwambia ulipita kunisalimia." Hatua zake zikarudi zilikotoka. Asubuhi akaniamkia vizuri, akaniuliza kama nimelala salama. Kwa hiyo ulipoiomba pete, nilikumbuka mlango ule, ndipo mikono yangu ikakimbilia kopo kabla akili haijafika.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Kazi yangu ilikuwa kupima ardhi na kusema kisima kichimbwe wapi, halafu kusimamia pampu ifungwe vizuri. Nilikuwa naiweza, na sioni aibu kusema. Lakini tukifika kijijini mwenyekiti anasalimiana na dereva, anasalimiana na vibarua, mimi ananionyesha jikoni waliko wanawake wenzangu. Nikisema kisima kiwe bondeni karibu na mkuyu, wananitazama kama mtoto aliyeingilia kikao. Siku moja nimechoka kubishana. Kijiji kilitaka kisima kando ya nyumba ya mwenyekiti, mahali ambapo nilijua wangechimba mwamba mtupu mpaka kiama. Nikasema, kwa hasira tu, "Hata mume wangu alipita hapa akasema maji yako bondeni. Jeshini amechimba visima vingi."

Mwenyekiti akanyanyua kichwa. "Sajini kasema hivyo?"

"Kasema."

"Ungetuambia mapema, mama. Twendeni bondeni."

Maji yakatoka. Kijiji kizima kikaimba. Mwenyekiti akanipa jogoo, akaniambia nimpelekee Sajini, na mimi nikampokea jogoo huyo kwa mikono miwili. Kisa cha jogoo unakijua, hapo huwa unacheka sana. Usicheke leo. Nilipoona dawa inafanya kazi, niliendelea kuinywa. Sajini kasema tuongeze bomba. Sajini kasema saruji hii imeganda, isitumike. Wenzangu wa idara nao wakazoea, nikitoa wazo wanauliza kama Sajini amelikubali. Kwa miaka ile Sajini alikuwa fundi maji bora kuliko wote wilayani, naye hakuwahi kuzaliwa. Nilikuwa nalala nacheka, najiona mjanja. Sikujua kwamba kila nilichokijua nakitoa nyumbani kwangu nakipeleka kwa mwanaume, tena hewa.

Kisha akaja Agnes. Huyu hukumjua. Alikuwa binti kama wewe, mwembamba, ametoka chuo kile kile nilichotoka mimi, na nilitakiwa nimwonyeshe kazi. Jambo la kwanza nililomwonyesha si kupima, ni pete. Nikamwambia, "Mdogo wangu, tafuta mume wa kusema, la sivyo hutamaliza mwaka." Akaniangalia usoni. "Dada, kwani maji yanamwogopa nani? Mimi nimekuja kufanya kazi, sikuja kuazima mwanaume." Niliudhika. Nilimwona ana majivuno ya mjini. Alipopelekwa stoo kuhesabu nati za bomba wakati vijana wa nyuma yake wanakwenda kuchimba, nilinyamaza. Alipoanza kusemwa kwamba analala na dereva, nilinyamaza. Alipoacha kazi akaenda kusikojulikana nilisema jikoni kwetu, bibi yako ni shahidi, "Nilimwambia." Neno hilo bado linaniuma kuliko mengi. Kama tungekuwa wawili tunasema "maji yako bondeni" kwa sauti zetu wenyewe, huenda tungesikiwa, huenda tusingesikiwa. Sijui, maana sikujaribu.

Nimesimama nikazunguka uani. Kuku wananifuata wakidhani nimeshika mtama. Ninayotaka kuandika sasa ni magumu, na jua linakwenda, na wewe unaweza kurudi wakati wowote. Acha niandike haraka.

Nilikuambia kwamba baba yako na mimi tulishindwana kwa dini. Ulikubali, maana ni jambo linaloingia akilini. Mimi Mlutheri wa Kinampanda, yeye mtoto wa duka la vipuri pale Singida mjini, swala tano. Ukweli ni kwamba kwa dini tusingeshindwa. Baba yake, babu yako yule wa mjini, alikuwa mtu wa watu, na binti zake wawili walikuwa wameolewa na Wakristo wa huku huku. Rashidi baba yako alikuwa akiniuzia vali na mipira ya pampu, akanipenda nikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Siku aliponiuliza pete ni ya nani nilimwambia yote, tukacheka mpaka tukashika meza. Kwake haikuwa neno.

Lakini mji wote ulikwisha kujua mimi ni mke wa Sajini. Aliposema nyumbani anataka kunioa, wazee wake walishtuka. Wewe unajua ugoni ni nini huku kwetu. Mwanaume akikamatwa na mke wa mtu ng'ombe zinatoka, na jina la ukoo linatoka nazo. Na mwenye mke huyu, kwa walivyoambiwa, alikuwa na bunduki. Rashidi akasema hakuna mume, ni maneno ya kujikinga. Baba yake akaniita. Nikaenda na kanga yangu bora, nikakaa mkekani, nikasema, "Shikamoo baba. Ni kweli, sina mume, nilimzua mimi."

Hakunifokea. Angefoka ningeweza kujibu. Alinipa chai, akasubiri niimalize, akasema, "Mwanangu, nimekuamini. Ndiyo maana naogopa. Mwanamke aliyeweza kumzua mume na mji mzima ukamsalimia, kesho atamzulia mwanangu nini?"

Nilitoka pale sioni njia. Rashidi alihangaika miezi, kisha akapelekwa Nzega kusimamia duka jingine, akaozwa huko. Wakati huo wewe tayari ulikuwa tumboni. Ulipozaliwa, watu wa ofisini walikuja na sabuni na doti ya kanga, wakampongeza Sajini. Dereva alisema umefanana naye. Nilikushika pale kitandani, nikasema asanteni. Dorkasi mwanangu, nilimwacha baba yako aliye hai afutwe kwa mtu asiyekuwepo, na wewe ukakua ukimwona kwa nadra, Idi hii na Idi ile, kama mgeni anayeleta zawadi. Ukitaka kunikasirikia una haki. Ila usimkasirikie yeye.

Basi nilidhani nimekwisha lipa. Ulipokuwa darasa la tano mambo yakabadilika. Unakumbuka maneno yale redioni, serikali inapunguza watumishi, watu wajiajiri, soko huria. Wewe ulikuwa Kinampanda kwa bibi, ulichokiona ni mimi kurudi na sanduku tu. Nilikwambia mradi umekwisha. Mradi haukwisha. Waliitwa mafundi sanifu wote wa maji, tukaingia mmoja mmoja ofisini. Nilikuwa nimeshakaa kazini kuliko wengi waliokuwa kwenye benchi lile. Nilivaa gauni la bluu, sikuwa na hofu.

Mkubwa aliyekuwa mezani alikuwa mtu mpole, nasema kweli. Akanikaribisha kiti.

"Mama Dorkasi, tumeangalia kwa ubinadamu. Hawa wenzako wana familia zinawategemea. Wewe angalau una mume, tena mwajiriwa wa serikali. Mtapungukiwa, lakini hamtalala njaa."

Nikasema, "Mzee, mtazame kazi yangu. Visima nilivyopima."

Akatabasamu, wala si kwa ubaya. "Kazi tunaijua. Lakini nawe mama, tuseme ukweli, si wote tunajua Sajini ndiye aliyekuwa akikuelekeza?"

Ningesema nini? Niseme hakuna Sajini? Basi mimi ni mwongo wa miaka yote, na mtoto wangu hana baba, na mwongo anafukuzwa kwanza. Nikinyamaza, mimi ni mke wa mtu anayelishwa. Nilitafuta mlango wa tatu, sikuuona. Nikasema asante mzee. Nilitia saini, nikatoka, na wale wanaume kwenye benchi wakaniambia pole shemeji. Mmoja wao alibaki kazini miaka mingi, na alikuwa akinipitia hapa Misigiri kila pampu ikimshinda. Nilikuwa namwelekeza. Alikuwa akiondoka anasema, "Msalimie Sajini."

Kiinua mgongo ndicho kilichoninunulia mashine hii ya alizeti iliyokusomesha, kwa hiyo sitalia kwamba nilikufa. Sikufa. Watu wanakuja na magunia yao, wananikuta nimelala chini ya mashine na spana mkononi, wananiuliza, "Fundi yuko wapi?" Siku hizi nawajibu, "Huyu hapa mnayemwona miguu." Wengine wanacheka, wengine wanakaa kwenye gogo kumsubiri fundi mwingine. Nawaacha wasubiri, mpaka giza, mpaka wachoke. Nimechelewa kujifunza kuwajibu hivyo, lakini nimejifunza.

Sasa narudi kwenye pete, na hapa ndipo ninapoumia kichwa tangu asubuhi. Laiti ningeweza kukuandikia "ivue" na kuweka nukta. Siwezi. Nikifikiria kambi ile, mahema na vyumba vya mbao, wanaume waliokaa miezi bila wake zao, na wewe mhandisi wa kike peke yako, mwili wangu wote unarudi kwenye ule mlango wa stoo na naomba uwe umevaa pete tatu. Nikifikiria ile ofisi na yule mtu mpole, naomba uitupe kabla hujapanda basi. Nimekuwa nikitoka kwenye jambo hili nikiingia kwenye lile mchana kutwa. Kama ulitegemea mama ana jibu, samahani.

Ila nimeona kitu kimoja. Usiku ule wa Mkalama, nilichokihitaji hakikuwa mume. Nilihitaji mlango unaofungika. Sijui kwa nini imenichukua maisha yangu yote kuliona jambo dogo hivyo, tena mimi fundi.

Niliacha kuandika pale juu, nikaenda karakanani. Nilipata kipande cha chuma bapa kilichobaki nilipotengeneza miguu ya mashine. Nimekikata, nimekipiga tupa kingo zote zisikukate, nimekitoboa matundu, nimekitengenezea na mahali pa kuingilia kufuli. Nimekijaribu kwenye mlango wa jiko nikausukuma kwa bega na nguvu zangu zote, haukutikisika, kuku wakakimbia. Ni komeo, Dorkasi. Zito kidogo, utalalamika begi limekuwa jiwe. Nimelifungia ndani ya ovaroli yako pamoja na skrubu zake na bisibisi yangu ya mpini mwekundu, ile uliyokuwa ukiiba utotoni. Ukikuta mlango ni wa bati usirudi nyuma, mwombe mchomeleaji akuazime mashine yake, hiyo kazi unaijua. Halafu ukaseme kwa kinywa chako daraja likae wapi. Watakaokukatalia watakukatalia wewe, na likisimama litakuwa limesimama kwa neno lako. Ikifika siku ya watu kupunguzwa, wakuondoe kwa jina lako, wakiweza.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unamsalimia mama mwenye kibanda na anakuuliza bibi hajambo. Nafunga barua, nitaitia mfukoni mwa begi usiione mpaka umefika mbali.

Pete ukitaka ivae, usipotaka itupe dirishani basi likiwa linatembea, sitakuuliza. Lakini komeo sitaki mjadala. Ulifunge siku ile ile utakayofika, kwa mkono wako, mchana kweupe, wanaume wote wa kambi wakiwa wanakutazama.

Mama yako